Moyo Mmoja, Majibu Mawili

Mtu akipimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti mwezi wa Januari, akaambiwa kwamba moyo wake unasukuma damu kwa asilimia 48, kisha akapimwa tena mwezi wa Aprili akaambiwa asilimia 55, ana haki ya kuuliza: ni lipi katika majibu haya mawili lililo la kweli? Akiwa amepimwa mara ya kwanza kisiwani na mara ya pili ng'ambo ya bahari, swali hilo huja na wasiwasi mkubwa zaidi, kwani amekwisha kulipa nauli ya boti, amekwisha kulala kwa jamaa, na ameiacha kazi yake kwa siku kadhaa. Jamaa na majirani nao hawakosi la kusema. Mmoja atasema hospitali ya kwanza haijui kazi. Wa pili atasema mashine ni mbovu. Wa tatu, naye ndiye mwenye hatari kuliko wote, atamwambia: "Umeshapona, dawa za nini tena?"

Tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili leo kwa kirefu, kwa sababu mbili. Kwanza, kipimo hiki, ambacho watu wengi hukiita eko, si kitu kigeni tena katika Afrika ya Mashariki. Watu wa kila hali, tangu watoto wa skuli hadi wazee, hutumwa kupimwa. Pili, uamuzi unaofuata baada ya majibu si mdogo. Yuko anayeanzishiwa dawa za maisha, yuko anayepelekwa kufanyiwa upasuaji, na yuko anayeuza mikarafuu yake ili apate fedha za safari. Uamuzi mzito kama huo haufai kujengwa juu ya tarakimu moja isiyofahamika.

Tuuseme msimamo wetu mapema. Majibu mawili yanapotofautiana, si lazima moja liwe la uongo. Aghalabu yote mawili ni ya kweli, kila moja kwa saa yake, kwa mkono wake na kwa hesabu yake. Lakini pia si kila tofauti ni ya kupuuzwa. Kazi iliyo mbele ya mgonjwa, ya tabibu na ya wakuu wa idara za afya ni kuzijua tofauti zipi ni mawimbi ya kawaida, na zipi ni dalili kwamba chombo kinaingia maji.

BILDI YA NAHODHA

Asili ya kipimo hiki haiko mbali na mambo ya baharini. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walikuwa wakitafuta njia ya kuuona moyo unaopiga bila ya kupasua kifua. Hertz alikwenda katika kiwanda cha kuundia meli katika mji wa jirani wa Malmö, ambako palikuwa na mashine ya kupitisha mawimbi ya sauti ndani ya chuma ili kugundua nyufa zisizoonekana kwa macho. Wataalamu hao wakaazima mashine ya namna hiyo, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo wakafaulu kuuandika mwendo wa moyo wa binadamu kwa mwangwi wa sauti.

Mashine za leo zimeendelea sana, lakini msingi ni ule ule. Mpimaji humpaka mgonjwa mafuta mazito kifuani, kisha hukipitisha kichwa cha mashine katikati ya mbavu. Kichwa hicho hutoa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu. Sauti hiyo husafiri mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, hugonga kuta na vali za moyo, kisha hurejea kama mwangwi. Mashine hupima muda wa kwenda na kurudi, ikachora picha. Kwa kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842, mashine hiyo hupima pia kasi ya damu ipitayo katika vali.

Wavuvi na manahodha wetu watalielewa jambo hili upesi. Nahodha anayetia bildi katika mkondo ili ajue kina cha maji hupata jibu la kweli. Akirudi saa sita baadaye atapata jibu jingine, kwa kuwa maji yamekupwa. Akiitia pima chache upande wa kushoto atapata jibu la tatu, kwa kuwa chini hapako sawa. Na kamba ikivutwa upande na mkondo, itaonyesha kina kirefu kuliko kilichopo. Hata hivyo hakuna nahodha atakayesema kwamba bahari imemdanganya. Atauliza: ilikuwa saa ngapi, ilikuwa mahali gani, na kamba ilisimama wima? Maswali hayo matatu ndiyo tunayotaka mgonjwa wa moyo ayajue.

MOYO WENYEWE HUBADILIKA

Swali la kwanza ni la wakati. Moyo hufanya kazi kwa kadiri ya mzigo uliowekewa, na mzigo huo haufanani asubuhi na jioni, wala wiki hii na wiki ijayo. Mtu aliyepimwa shinikizo la damu likiwa juu, pengine kwa kuwa hakunywa dawa zake siku hiyo, moyo wake ulikuwa ukisukuma damu dhidi ya kizuizi kikubwa. Akipimwa baada ya shinikizo kushuka, moyo ule ule unaweza kuonekana una nguvu zaidi, na vali iliyokuwa ikivujisha damu nyingi ikaonekana inavujisha kidogo. Mgonjwa aliyejaa maji mwilini, miguu imevimba na pumzi zinambana, hutoa vipimo tofauti na vile atakavyotoa baada ya dawa za kupunguza maji kufanya kazi yake.

Mama mjamzito, mtu mwenye homa, au mtu mwenye upungufu wa damu, moyo wake hupitisha damu nyingi zaidi kwa kila dakika. Akiwa na vali iliyosinyaa, kizuizi katika vali hiyo kitaonekana kikali zaidi siku hiyo kuliko kitakavyoonekana atakapojifungua, homa itakaposhuka au damu itakapoongezeka. Vali haikupanuka wala haikuziba zaidi; ni mkondo uliobadilika.

Wako pia wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, pigo moja likichelewa na jingine likiwahi. Kwa watu hao kila pigo lina jibu lake. Ndiyo maana wapimaji hufundishwa wapime mapigo kadhaa, angalau matano, kisha wachukue wastani. Mpimaji aliyelichukua pigo moja tu, tena kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu, ameandika habari za pigo hilo peke yake, wala hajaandika habari za moyo wote.

MKONO NA JICHO

Swali la pili ni la mahali na mkono. Mbavu huzuia sauti, na mapafu yaliyojaa hewa huzuia vile vile. Mpimaji hana budi kuutafuta upenyo, na kwa mtu mnene au mwenye ugonjwa wa mapafu upenyo huo huwa mdogo sana. Chumba cha kushoto cha moyo kina umbo linalokaribiana na embe refu. Embe likikatwa kwa urefu wake kupita katikati kabisa, sura yake kamili huonekana. Likikatwa mshazari, hutoka umbo fupi, na mtu asiyejua atadhani kwamba embe lenyewe ni fupi. Hivyo ndivyo picha ya moyo inavyoweza kumpotosha mpimaji aliyekosea upenyo kidogo tu.

Baada ya picha kupatikana, mtu huamua mpaka wa ukuta wa moyo uko wapi, akauchora. Katika picha safi mpaka huo ni dhahiri. Katika picha hafifu ni kama kuutazama ufuko wakati wa ukungu: wawili wenye macho mazima huweza kuonyesha mahali pawili tofauti. Wataalamu wawili wanaweza kupewa picha ile ile, wakatofautiana kwa nukta kadhaa, na kusiwe na mzembe kati yao.

MILIMITA MBILI

Swali la tatu ni la hesabu, na hapa tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie kidogo, maana ndipo penye kiini cha mambo.

Asilimia anayotajiwa mgonjwa ni sehemu ya damu inayotolewa na chumba cha kushoto kwa kila pigo. Chumba kikiwa na mililita 120 kilipojaa, kikabakiwa na mililita 50 baada ya kukaza, kimetoa mililita 70, yaani asilimia 58 hivi. Hiyo ni hali ya afya. Hakuna moyo utoao damu yote. Mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na vyama vya wataalamu wa kipimo hiki wa Marekani na Ulaya unataja kawaida kuwa ni asilimia 52 hadi 72 kwa wanaume, na 54 hadi 74 kwa wanawake. Basi aliyeambiwa asilimia 60 asirudi nyumbani akilia kwamba moyo wake umepungukiwa na asilimia 40.

Asilimia hiyo, lakini, haisomwi moja kwa moja kama uzito kwenye mizani. Hukisiwa kutokana na vipimo vya urefu na upana. Iko njia moja ya zamani, iliyochapishwa mwaka 1976 na ambayo bado imo katika mashine, inayopima upana wa chumba kwa mstari mmoja tu, kisha hukisia ujazo wote kwa kuuzidisha upana huo kwa wenyewe mara tatu pamoja na marekebisho fulani. Tuchukue mfano. Mpimaji wa kwanza amepata milimita 50 chumba kilipojaa na milimita 35 kilipokaza. Kwa njia hiyo, jibu ni asilimia 57. Mpimaji wa pili, kwa mgonjwa yule yule, amepata milimita 49 na 37. Jibu lake ni asilimia 48. Milimita moja hapa na mbili pale, na mtu aliyekuwa katika kundi la wazima ameingizwa katika kundi la wagonjwa!

Mwongozo tulioutaja hauipendekezi tena njia hiyo. Unataka chumba kichorwe katika picha mbili zinazotazama pande tofauti, na pale penye uwezo kipimwe kwa picha ya pande tatu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye karatasi mbili mkononi anaweza kuwa amepimwa kwa njia mbili zisizofanana, na majibu yake hayafai kuwekwa bega kwa bega kana kwamba yametoka katika pishi moja.

Hali ni hiyo hiyo katika shinikizo la damu iendayo mapafuni. Mashine hupima kasi ya damu inayovuja katika vali ya upande wa kulia. Kasi hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 4. Kasi ikiwa mita 2.8 kwa sekunde, jibu ni 31. Ikiwa 3.2, jibu ni 41, na bado hujaongezwa makisio ya shinikizo la chumba cha juu cha kulia. Tofauti ndogo ya kasi imezaa tofauti kubwa ya jibu. Tena mwale wa sauti usipoelekea sawasawa na mkondo wa damu, kasi itasomwa pungufu. Hapa mshazari hupunguza jibu, kinyume na bildi ya nahodha.

TOFAUTI IPI NI YA KUSHUGHULIKIWA?

Baada ya kuyasema hayo, wako watakaotulaumu kwamba tunawakingia kifua wapimaji wazembe, au kwamba tunawafundisha watu wayadharau majibu. Hatufanyi hata moja katika hayo. Kipimo kisichokuwa kamili bado ni kipimo, ilimradi anayekisoma ajue upana wa kosa lake.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 unatusaidia. Uliwafuata wanawake 56 waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti, ambao mioyo yao ilihesabiwa kuwa haijabadilika, wakapimwa mara kwa mara. Kwa njia ya kawaida ya picha bapa, majibu yaliweza kupishana kwa nukta 10 hivi ilhali moyo ni ule ule. Kwa picha ya pande tatu, upishano ulikuwa nukta 6 hivi. Na huo ulikuwa utafiti, wenye uangalifu uliozidi ule wa kliniki yenye foleni.

Kutokana na hayo tunaweza kupata mizani. Mgonjwa wetu wa 48 na 55, aliyepimwa katika mahali pawili na mikono miwili, hana ushahidi wa kutosha wa kusema kwamba amepona, wala angegeuziwa tarakimu hizo asingekuwa na ushahidi wa kutosha kwamba amezidiwa. Aliyetoka 55 akaja 35, huyo hawezi kuambiwa kwamba ni mkono wa mpimaji tu. Lazima achunguzwe bila kuchelewa. Na yule ambaye vipimo vyake vya miaka kadhaa vimekwenda 58, 53, 48, 43, ingawa hakuna hatua iliyozidi nukta 5, mwelekeo wake unasema jambo ambalo hatua moja haikulisema. Maji yanayokupwa hujulikana kwa kutazamwa mara nyingi.

Jambo jingine la kukumbukwa ni mipaka. Madaktari wamekubaliana kuyagawa maradhi ya moyo kushindwa kufanya kazi katika mafungu, na mafasili ya kimataifa ya mwaka 2021 yanaweka mipaka penye asilimia 40 na 50. Mipaka hiyo ina faida katika kuchagua dawa. Lakini imewekwa na watu kwa ajili ya kurahisisha kazi. Kati ya mtu wa asilimia 39 na mtu wa asilimia 41 hakuna ukuta, na kama tulivyoona, kesho wanaweza kubadilishana nafasi.

Zaidi ya yote, karatasi haimshindi mgonjwa. Mtu anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, anayevimba miguu, anayezimia au anayebanwa na kifua, asikae nyumbani kwa sababu karatasi yake ya mwisho ilikuwa nzuri. Aende hospitali siku ile ile.

FUNZO KUTOKA UGANDA

Tunao mfano wa karibu unaoonyesha jinsi kipimo cha pili kinavyoweza kutumiwa kwa busara. Homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizo ya koo kwa watoto, huharibu vali za moyo polepole, na madhara yake hukaa kimya kwa miaka. Kaskazini mwa Uganda wataalamu waliwapima kwa mawimbi ya sauti watoto 102,200. Kwa kipimo cha kwanza watoto 3,327 walidhaniwa kuwa na ugonjwa huo uliojificha. Walipoitwa kwa kipimo cha kuthibitisha, watoto 926 ndio waliothibitishwa kuwa nao na kustahili kuingia katika utafiti.

Msomaji ataona kwamba hesabu ya pili haikufika hata thuluthi ya ile ya kwanza. Je, waliofanya kipimo cha kwanza walidanganya? Hasha. Kipimo cha kwanza kilikuwa juya la macho madogo, lililokusudiwa lisipitwe na samaki. Kipimo cha pili kilikuwa mkono unaochambua kilichonaswa. Kama mzazi angeambiwa baada ya kipimo cha kwanza kwamba mwanawe ana ugonjwa wa moyo, na mambo yakaishia hapo, nyumba nyingi zingeingiwa na huzuni isiyokuwa na sababu. Na kama baada ya kuona tofauti ile watu wangekasirika na kuitupa kazi yote, watoto wenye ugonjwa wa kweli wangepotea.

Watoto 818 walihesabiwa katika matokeo ya utafiti. Nusu walidungwa penisilini kila wiki 4, na nusu hawakudungwa. Baada ya miaka 2 walipimwa tena, na picha zao zikaamuliwa na jopo la wataalamu wasiojua nani alidungwa na nani hakudungwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Faida hiyo kubwa isingalijulikana kama wapimaji wasingalikuwa na subira ya kupima mara ya pili, na unyofu wa kukubali kwamba kipimo cha kwanza kinaweza kurekebishwa.

NENO "UMEPONA"

Turudi kwa yule jamaa anayesema, "Umeshapona, dawa za nini tena?" Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa London kwa watu 51 ambao mioyo yao iliwahi kutanuka na kudhoofika, kisha kwa matibabu ikarudi katika hali nzuri. Hawakuwa na dalili yoyote, na vipimo vyao vilikuwa vya kufurahisha. Kundi moja la watu 25 liliachishwa dawa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi wa karibu. Katika miezi 6 watu 11 katika hao 25 ugonjwa uliwarudia. Katika kundi lililoendelea na dawa, hakuna aliyerudiwa katika muda huo.

Maana yake ni kwamba jibu zuri la pili mara nyingi ni kazi ya dawa zenyewe. Mtu anayeziacha kwa furaha ya karatasi nzuri huukata mwamba alioukalia. Dawa za moyo zisiachwe wala kupunguzwa ila kwa amri ya tabibu aliyeviona vipimo vyote, cha kwanza na cha mwisho.

WAJIBU WA MGONJWA NA WAJIBU WA IDARA

Kwa wananchi wenzetu tuna nasaha chache. Karatasi zote za vipimo zihifadhiwe pamoja, ndani ya mfuko usioingia maji, na zisafiri na mgonjwa kila aendako. Pale inapowezekana aombe na picha zenyewe, si maelezo peke yake, kwani picha ya zamani ikiwekwa kando ya picha mpya, jicho moja huona haraka kama pana mabadiliko ya kweli. Kipimo cha kufuatilia kifanywe, ikiwezekana, mahali pale pale na kwa mashine ile ile. Siku ya kupimwa anywe dawa zake kama alivyoagizwa, na amweleze mpimaji kama ana homa, ujauzito au upungufu wa damu. Na akipewa majibu yanayotofautiana aulize kwa adabu lakini bila hofu: Nilipimwa kwa njia gani? Presha na mapigo yalikuwaje? Picha ilikuwa safi au hafifu? Je, umeyatazama majibu yangu ya kwanza? Daktari mwenye kuijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo.

Lakini mzigo mkubwa hauwezi kutwikwa mgonjwa. Wakuu wa idara za afya, visiwani na bara, ndio wenye uwezo wa kupunguza tofauti zisizo za lazima. Tunaomba mambo matano yaangaliwe.

La kwanza, fomu ya majibu iwe ya namna moja katika hospitali zote, na isikubaliwe ikiwa haina tarehe, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, njia iliyotumiwa kupima, na neno juu ya ubora wa picha. Hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji waraka na usimamizi.

La pili, picha zihifadhiwe. Tanzania imekuwa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, na mgonjwa wa kisiwani anayetumwa huko au kwengineko asifike mikono mitupu. Picha zake zitangulie au afuatane nazo.

La tatu, majibu yatakayosababisha upasuaji, safari ya matibabu au kuachishwa dawa yasomwe na jicho la pili kabla ya uamuzi. Kusomwa mara ya pili si kumvunjia heshima msomaji wa kwanza.

La nne, mashine zitunzwe na wapimaji wafundishwe tena na tena. Hewa yetu ya chumvi na umeme unaopanda na kushuka havina huruma na mitambo, na mkono usiopata mazoezi husahau. Kununua mashine na kusahau mtu wa kuitumia ni sawa na kununua jahazi bila ya nahodha.

La tano, kamati zinazoamua nani apelekwe matibabuni zisifunge mlango kwa sababu ya nukta moja au mbili. Zitazame dalili za mgonjwa, mwelekeo wa vipimo vyake na maelezo ya tabibu aliyemchunguza. Mama wa Micheweni aliyeambiwa asilimia 41 badala ya 39 hana nafuu yoyote anapopanda ngazi ya boti akihema.

Hatudai kwamba mambo haya yataondoa kila tofauti. Tofauti zitabaki, kwa sababu moyo ni kiungo hai na anayeupima ni mwanadamu. Tunachodai ni kwamba kila jibu liandikwe pamoja na saa yake, mkono wake na hesabu yake, ili anayelisoma baadaye ajue alishike kwa kiasi gani. Nahodha hutia bildi mara nyingi kabla ya kuingia mlangoni mwa bandari, na abiria humshukuru kwa hadhari hiyo. Wagonjwa wetu wanastahili hadhari kama hiyo kutoka kwa wote waliokabidhiwa mioyo yao.